Mboji ya kinamasi na vijiji vyake: Ayalandi ilivyochimba ardhi yake ikaichoma

Julai 2022 serikali ya Kongo ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na baadhi ya vitalu hivyo vilikuwa katikati ya vinamasi vya bonde la mto Kongo. Ndipo neno mboji likaanza kutajwa katika taarifa za habari. Mnada ule ulifutwa Oktoba 2024, lakini mkanganyiko wa neno haukufutika nao. Mkulima wa Mbeya akisikia mboji anafikiria lundo la majani na samadi analoligeuza nyuma ya nyumba. Mtu wa Gisagara, kusini mwa Rwanda, anafikiria mtambo wa umeme. Mwenye kitalu cha miche kule Kenya anafikiria ule udongo mwepesi wa kahawia unaoletwa kutoka Ulaya ukiwa kwenye mifuko. Mwanamazingira naye anasema mboji ya Kongo imeshika tani bilioni 30 za kaboni. Msikilizaji anabaki anajiuliza: ni kitu kimoja, au ni vitu vinne?

Nimechagua kulieleza jambo hili kupitia kijiji kimoja cha Ayalandi kiitwacho Coill Dubh. Sijui mfano mwingine unaoionyesha safari yote ya mboji kwa uwazi kama huo: kuchimbwa kwa mikono, mashine, umeme, nyumba za wafanyakazi, kisha mwisho. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mwanzoni mwa safari hiyohiyo, na tumeianza kwa msaada wa Waayalandi wenyewe, kama tutakavyoona.

Achari iliyofunikwa

Tuanze na maana. Mbolea ya mboji ya shambani ni mimea iliyooza, na mkulima anataka ioze upesi. Mboji ya kinamasi ni mimea iliyokufa ikashindwa kuoza. Humu nitakaposema mboji, nina maana ya hii ya pili tu. Wanyarwanda wana jina lake, nyiramugengeri. Waayalandi huiita móin. Ule udongo wa mifuko wa mwenye kitalu nao ni huuhuu, umekaushwa na kusagwa.

Kwa nini haiozi? Fikiria chupa ya achari ya embe. Embe likiachwa mezani litaoza kwa siku chache, lakini likiwa ndani ya chupa, limezama kwenye siki au mafuta, litakaa miezi. Vijidudu vya kuozesha vinahitaji hewa, na humo hewa haifiki. Kinamasi ni chupa ya namna hiyo, kubwa kama wilaya. Maji yanajaa mpaka juu, hewa haipenyi, na katika vinamasi vya Ayalandi maji yenyewe ni chachu. Mmea unaotawala pale unaitwa sfagnamu. Ni mdogo, laini, wa jamii ya kuvumwani, na hunywa maji kama sifongo. Unakua juu huku chini ukifa, na uliokufa unabaki palepale. Katika maziwa makuu yetu kazi hiyo hufanywa zaidi na mafunjo.

Chupa hii inahifadhi kweli. Mwaka 2003, katika kaunti ya Offaly, ulipatikana mwili wa mtu aliyeuawa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mikono yake ilikuwa bado na ngozi, vidole na kucha. Kule Longford, wachimba mboji walifukua barabara ya magogo ya mwaloni iliyojengwa mwaka 148 kabla ya Kristo. Mwaka huo umejulikana kwa kuhesabu pete za miti yenyewe. Barabara ilikuwa imezama, mboji ikaota juu yake.

Sasa shika namba hii, kwa maana tutairudia: mboji hunenepa kwa wastani wa milimita moja kwa mwaka. Mtu akizaliwa leo akaishi miaka 70, atazikwa kinamasi kikiwa kimeongezeka sentimita 7, pungufu kidogo ya upana wa kiganja. Vinamasi vya kanda ya kati ya Ayalandi vilianza kujijenga baada ya barafu kubwa kuyeyuka, yapata miaka 10,000 iliyopita, na ndiyo maana vimefika kina cha mita nyingi.

Watu huuliza pia kama mboji ni mkaa. Hapana. Mkaa ni mti tuliouchoma sisi kwa kuunyima hewa. Mboji ni ndugu mdogo wa makaa ya mawe: ikifunikwa na miamba na kubanwa kwa mamilioni ya miaka, hugeuka makaa ya mawe. Kwa kuwa haijakomaa, ina maji mengi na joto kidogo, na kwa kila kipimo cha joto inachotoa, inatoa hewa ukaa zaidi kuliko makaa ya mawe. Wengi hawalitarajii hilo, maana kitu kinachotoka kwenye nyasi na majani kinaonekana kisafi.

Jembe, mgongo na jua la Juni

Ayalandi haina makaa ya mawe ya kutosha, na misitu yake ilikatwa karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo moto wa jikoni wa mwananchi wa kawaida ulikuwa wa mboji. Familia ilikuwa na haki ya kukata kipande chake cha kinamasi. Baba alisimama ukingoni na sleán, jembe jembamba lenye bawa pembeni, akakata vipande kama matofali marefu vilivyolowa maji. Mboji inapotoka ardhini, sehemu tisa au zaidi katika kumi ni maji. Basi kazi kubwa ilikuwa kukausha. Mama na watoto waliinama kutwa nzima kuvisimamisha vipande, vichache vikiegemeana ili upepo upite katikati. Ukiwahi kuona mafundi wakianika matofali ya udongo kabla ya kuyachoma, umeiona picha hiyo. Mvua ikizidi mwaka huo, nyumba inapata baridi.

Hiyo ilikuwa kazi ya familia. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya kuwa kazi ya taifa. Ayalandi haikuingia vitani, lakini makaa yake ya mawe yalitoka Uingereza, na Uingereza ilipobanwa, meli zikaadimika. Dublin ilihitaji kitu cha kuchoma. Serikali ikageukia vinamasi vya kaunti ya Kildare, vilivyokuwa karibu na mji mkuu. Maelfu ya wanaume wakaletwa kutoka kaunti maskini, hasa za magharibi, wakalazwa kwenye mabweni: mengine kambi za mabanda pembeni mwa kinamasi, mengine kambi kuukuu za jeshi kama ile ya Newbridge. Walilipwa kwa kipimo cha kazi, yaani unapata kadiri unavyokata. Mboji waliyoikata ilirundikwa ndani ya bustani kubwa ya Phoenix Park mjini Dublin, safu ndefu kama kuta pande zote za barabara.

Msomaji wa Tanga anawajua watu hawa. Kwetu waliitwa manamba. Ni wanaume waliotolewa mbali, wakapewa kitanda na kazi ya kuhesabiwa, wakatarajiwa kurudi kwao msimu ukiisha. Mashamba ya mkonge yalijengwa juu ya migongo ya namna hiyo. Historia zake ni tofauti, kwa kuwa mmanamba alikuwa chini ya mkoloni na Mwayalandi alikuwa chini ya serikali aliyoipigia kura. Bwenini lakini mambo yalifanana: hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna kesho.

Kwa nini kijiji, na kwa nini pale

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tayari mwaka 1934 serikali ilikuwa imeunda chombo cha kuendeleza mboji, na kiongozi wake alikuwa Todd Andrews, mtu aliyepigana vita vya uhuru. Mwaka 1935 ujumbe ulikwenda Ujerumani na Urusi ya Kisovieti kuona jinsi wenzao walivyochimba kwa mashine. Baada ya vita, sheria ya mwaka 1946 ikaunda shirika la umma, Bord na Móna, maana yake Bodi ya Mboji. Andrews akawa mkurugenzi wake mtendaji. Lengo lilikuwa kuitoa mboji jikoni na kuipeleka kwenye mitambo ya umeme, wakati uleule ambapo nguzo za umeme zilianza kusimikwa vijijini kote.

Ila mboji ina tabia moja inayoamua kila kitu: haisafirishiki kwa faida. Ni nyepesi, inachukua nafasi, na hata ikikauka bado inabeba maji. Ukiisafirisha mbali, unalipia usafiri wa maji. Ni kama miwa. Kiwanda cha sukari hujengwa Kilombero au Mumias, katikati ya miwa yenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kuipeleka miwa mamia ya kilomita akabaki na faida. Kwa sababu hiyohiyo mtambo wa umeme wa mboji hujengwa pembeni mwa kinamasi, na reli nyembamba huwekwa juu ya kinamasi chenyewe kuleta mzigo. Mtambo wa Portarlington ulianza mwaka 1950, ukilishwa na kinamasi cha Clonsast. Allenwood, Kildare, ukafuata 1952. Kisha Ferbane, Lanesborough, Rhode, Bellacorick na Shannonbridge, yote kati ya 1957 na 1965.

Mtambo ukiwa kinamasini, mfanyakazi naye lazima awe kinamasini. Na kinamasi, kwa asili yake, ni mahali ambapo hakuna mji, kwa sababu hakuna aliyetaka kujenga juu ya ardhi inayotitia. Mabweni yangeweza kushika vijana wa msimu mmoja. Lakini mashine mpya zilitaka mafundi, madereva wa trekta, watu wa reli, watu wa karakana, na watu wa namna hiyo wanakaa mwaka mzima na wanaoa. Bila nyumba wangepanda meli kwenda Uingereza, na katika miaka ile ya 1950 Waayalandi walikuwa wakiondoka kwa wingi mno.

Hivyo Bodi ikajenga vijiji. Ikamwajiri Frank Gibney, msanifu na mpangaji wa miji, achore makazi ya wafanyakazi mahali kadhaa: Coill Dubh na Timahoe kule Kildare, Kilcormac na Bracknagh kule Offaly, Rochfortbridge kule Westmeath, Cloontuskert kule Roscommon, na Lanesborough ukingoni mwa mto Shannon. Coill Dubh, jina lenye maana ya msitu mweusi, ndicho kijiji kikubwa kilichotokea pale ambapo awali hapakuwa na kitu. Kilijengwa mwaka 1952, nyumba zaidi ya 150 kwa mpigo, mwaka uleule mtambo wa Allenwood ulipowashwa jirani yake.

Wengi wakisikia makazi ya wafanyakazi, wanaona safu ya vyumba vya bati, kila familia na chumba, choo cha pamoja mwisho wa mstari. Michoro ya Gibney haikuwa hivyo kabisa, na kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika historia hii. Alipanga nyumba kwa safu zilizopinda kuzunguka uwanja wa nyasi wa wote. Aliweka nafasi ya bustani na njia pana. Mtu aliyekuwa analala kwenye bweni la vita miaka michache tu kabla, sasa alikuwa na mlango wake, dirisha linalotazama uwanja ambako mwanawe anacheza, na moto wa mboji jikoni. Serikali changa na maskini iliamua kwamba mkata mboji astahili kuishi mahali pazuri. Nyumba zile bado zinatumika leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, na watu wa sanifu majengo bado huzizungumzia.

Waliohamia walitoka kaunti nyingi, kila mmoja na lafudhi yake. Kildare inapenda mpira wa miguu wa Kiayalandi kuliko kitu kingine, lakini klabu ya Coill Dubh ikawa miongoni mwa klabu zenye mafanikio makubwa zaidi katika kaunti kwenye hurling, ule mchezo wa fimbo na kampira kadogo.

Hata hivyo, kijiji cha namna hii kilikuwa na udhaifu uliofichika kwenye msingi. Kazi, nyumba na umeme vyote vilitoka kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo ulikuwa ni shimo linalochimbwa.

Hesabu ambayo kila mtu angeweza kuifanya

Kumbuka ile milimita moja kwa mwaka. Sasa tazama upande wa kuchimba.

Kwanza kinamasi hukatwa mifereji, na hukauka kwa miaka kadhaa kabla ya kutoa mzigo wowote. Kisha kuna njia mbili. Ya zamani ni ya vipande: mashine inachimba ukutani mwa mtaro, inachanganya, inatoa matofali ya mboji na kuyatandaza yakauke. Mtambo wa Allenwood ulichoma vipande hivyo. Njia ya pili, iliyokuja kutawala, ni ya unga. Trekta lenye ngoma ya meno linakwaruza uso wa kinamasi kwa unene wa sentimita moja hivi, unga unageuzwageuzwa juani siku mbili tatu, unakusanywa kuwa matuta, unapakiwa kwenye behewa. Mama anayeanika unga wa muhogo juu ya mkeka na kuugeuza kila jua linapokolea anajua kazi hiyo. Kwa mwaka wenye jua zuri, lengo lilikuwa kuvuna mara 12.

Sentimita moja mara 12 ni sentimita 12. Kiangazi kimoja kinaondoa kilichojengwa kwa zaidi ya miaka 100. Kinamasi chenye mita 6 za kuchimbika kitaisha ndani ya miaka 50 hivi. Ndiyo maana jibu la swali la kama mboji ni nishati jadidifu, kwa kuwa ni mimea, haliwezi kuwa ndiyo. Mti uliokatwa unaweza kurudi ndani ya maisha ya mjukuu wako. Mboji hairudi ndani ya maisha ya taifa lolote tunalolijua.

Bodi iliijua hesabu hii. Wahandisi wake walipima kina cha kila kinamasi kabla ya kukinunua na walijua kila mtambo utakula kwa miaka mingapi. Kwa hiyo mwanamume aliyepewa ufunguo wa nyumba Coill Dubh mwaka 1952 alipewa kazi yenye mwisho uliokwisha kupigiwa hesabu. Mwanawe angeweza kuirithi. Mjukuu, hapana. Siwalaumu waliojenga. Nchi ilikuwa inamwaga vijana wake ng'ambo, na miaka 40 ya kazi si kitu kidogo. Ninachokiona kigumu ni kwamba kwa miaka hiyo 40 hakuna shughuli nyingine yenye ukubwa sawa iliyoandaliwa kuja baada yake.

Nani aliyefunga kinamasi?

Kwenye mabishano utasikia kwamba kazi za mboji ziliuawa na wanaharakati wa mazingira, au na Umoja wa Ulaya, kwa amri ya siku moja. Tarehe zenyewe zinasema vingine.

Allenwood, mtambo wa Coill Dubh, ulifungwa mwaka 1994. Ulikuwa umezeeka, na hakuna sera ya tabianchi iliyokuwa imeugusa. Watu wa kijiji walipoteza mtambo wao miaka 26 kabla ya mitambo ya mwisho ya shirika la umeme la taifa kuzimwa. Mitambo mingine ya kizazi kile nayo ilifungwa kwa uzee, na michache mipya ikajengwa: Edenderry mwaka 2000, kisha miwili mipya pale Shannonbridge na Lanesborough katikati ya muongo huo. Hiyo mipya iliishi kwa msaada wa tozo iliyolipwa na kila mtumiaji wa umeme nchini, kwa kuwa umeme wa mboji ulikuwa ghali.

Kilichokuja baadaye kilikuja kwa vipande. Mwaka 2015 Bodi ilisema itaacha kuchimba mboji ya umeme ifikapo 2030. Oktoba 2018 ikasogeza mambo mbele na kutangaza kwamba hadi kazi 430 zitaondoka. Julai 2019 mamlaka ya mipango ilikataa ombi la kuendeleza mtambo wa Shannonbridge kwa kuchanganya mboji na mabaki ya mimea. Septemba mwaka huo mahakama kuu ikabatilisha kanuni zilizokuwa zikiruhusu uchimbaji mkubwa bila kibali cha mipango. Desemba 2020 Shannonbridge na Lanesborough vikazimwa. Januari 2021 Bodi ikatangaza kwamba haitachimba tena.

Miaka 15 ya kujiandaa iligeuka mitano. Mwenye mkopo wa nyumba na mtoto wa sekondari alipanga maisha yake kwa kuangalia 2030, kisha akaambiwa ni sasa. Nikisikia hasira ya watu wa kanda ya kati ya Ayalandi naielewa, na naamini hasira hiyo inatokana zaidi na tarehe zilizosogezwa kuliko na kinamasi chenyewe. Serikali ilimteua kamishna wa mageuzi ya haki, yaani wa kuwasaidia wanaopoteza kazi nishati inapobadilika, mwishoni mwa 2019 na kutenga fedha za mafunzo na miradi. Vilisaidia. Lakini vilikuja watu wakiwa wameshaanza kufungasha.

Kisha kuna jambo lililowachanganya hata waliounga mkono kufungwa. Septemba 2021, miezi michache baada ya tangazo, meli ilishusha tani 3,600 za mboji kutoka Latvia kwa ajili ya wakuza mboga, uyoga na miche wa Ayalandi. Mboji ya umeme na mboji ya kilimo ni masoko mawili tofauti. La kwanza lilifungwa kwa hesabu za kaboni na gharama. La pili lilikwama kwa kukosa vibali, huku uhitaji ukiendelea. Kuzima mtambo hakukumfundisha mwenye kitalu namna nyingine ya kuotesha.

Na familia zinazokata mboji yao wenyewe? Zipo hadi leo. Mwaka 2022 serikali ilipotaka kuzuia uuzaji wa mboji ya kuchoma, ugomvi ulikuwa mkali bungeni na vijijini. Kanuni zilizoanza Oktoba 31 mwaka huo zilizuia kuuza madukani na mtandaoni, lakini mwenye haki ya kukata aliachiwa kukata na kuwagawia jirani zake. Anayesema "Ayalandi imepiga marufuku mboji" anachanganya uchimbaji wa viwanda na moto wa jikoni.

Kutoka Offaly hadi Akanyaru

Burundi iliunda shirika lake la mboji, ONATOUR, mwaka 1977, na Waayalandi wa Bodi walikuwa miongoni mwa waliokuja kufundisha. Sababu zilifanana na zile za Dublin wakati wa vita: nchi haina mafuta wala makaa ya mawe, misitu inakwisha, lakini mabonde yana mboji. Wateja wakubwa wakawa kambi za jeshi na magereza, mahali penye majiko makubwa. Kule jikoni kwa mwananchi haikupendwa sana, kwa moshi na majivu yake, na mkaa ukabaki mfalme.

Rwanda ilikwenda kwenye umeme. Mtambo wa Gishoma, wilayani Rusizi, ulijengwa kwa uwezo wa megawati 15, kisha ukaja mkubwa zaidi wa Gisagara, megawati 80, kwenye bonde la Akanyaru. Kwa nchi yenye kiu ya umeme, ni rahisi kuelewa kwa nini. Ila tabia za mboji hazibadiliki kwa kuhama bara: bado ina maji tisa kwa kumi, bado inataka jua la kuikausha katika nchi ya mvua mbili kwa mwaka, na bado mtambo unafungwa pingu na bonde moja.

Kongo ni habari nyingine tena. Pale hakuna aliyependekeza kuichoma mboji. Hofu ni kwamba barabara na mifereji ya kufikia mafuta itayatoa maji. Hapa ndipo watu huuliza: kama haichomwi, madhara yako wapi? Rudi kwenye chupa ya achari. Ukiifungua na kumwaga siki, huhitaji kuipika ili iharibike. Maji yakishuka, hewa inaingia, vijidudu vinaanza kazi waliyozuiwa kwa maelfu ya miaka, na kaboni inapanda angani siku baada ya siku bila moshi wowote kuonekana. Kinamasi kilichokaushwa na kuachwa kinaendelea kupoteza hata kama trekta la mwisho limeondoka.

Kwa sababu hiyo Ayalandi haikuweza kufunga geti na kwenda. Bodi ilitengewa euro milioni 108 za umma kurudisha maji kwenye hekta zipatazo 33,000 za vinamasi ilivyovichimba. Kazi yenyewe ni ya udongo: kuziba mifereji kwa vizuizi vya mboji, kila hatua kadhaa, mpaka maji yapande karibu na uso na mimea ya kinamasi ianze kurudi yenyewe. Inafanywa na mashine za kuchimbia, na walio kwenye usukani wengi ni wale waliokuwa wakichimba. Wanaijua mifereji yote, kwa kuwa wameitunza miaka mingi isizibe.

Si kila mahali panaweza kurudi kuwa kinamasi. Pale Boora, kaunti ya Offaly, ardhi iliyochimbwa imegeuka mabwawa, njia za baiskeli na makazi ya ndege wa majini. Mount Lucas ina mitambo 28 ya upepo tangu 2014. Na Timahoe, kinamasi kilichowapa kazi watu wa Coill Dubh, sehemu yake ya kaskazini imetandikwa paneli za sola. Umeme unatoka tena palepale, ingawa paneli hazihitaji watu kama waliohitajika kukata, kukausha, kupakia na kuendesha treni. Kijijini, wengi siku hizi wanaamka mapema kuendesha gari kwenda kazini mahali pengine, jioni wanarudi kwenye nyumba zilezile za 1952, zimezunguka uwanja uleule wa nyasi.